KUNAKILI SINEMA NA NYIMBO: SHERIA YASEMA NINI, NA NANI HUSHIKWA

(Hotuba ya Kamati ya Mafunzo mbele ya wanachama wa maduka, hoteli, ulinzi na matatu, Westlands)



Twajua ya kuwa baadhi yenu mmetoka zamu ya mchana sasa hivi, na wengine mwaingia zamu ya usiku muda si mrefu. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Jambo la leo liko mifukoni mwenu. Ni simu, na ni kile kidude kidogo kiitwacho flashi. Twataka kusema habari za kunakili sinema na nyimbo, na kuzipeleka huku na huku kwa njia ya mtandao. Tulipotoa tangazo la mkutano huu, ndugu wengine walicheka wakauliza, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na muziki wa vijana? Jibu letu ni kwamba nyimbo na sinema ni kazi za watu, na kila kazi ina mshahara wake. Tena, mkaguzi au polisi akiingia mahali pa biashara kutafuta nakala za wizi, mtu anayemkuta amekaa mbele ya mashine aghalabu si tajiri. Ni mmoja wetu.

Tuanze na kazi yenyewe.

Wazee waliomo humu wamkumbuka Daudi Kabaka na twisti zake. Katika miaka ya 1960 Kabaka alirekodi hapa Nairobi katika Equator Sound Studios, iliyokuwa ya Bwana Charles Worrod. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes, wakauimba mwaka 1968, ukapanda katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana kule. Kabaka alifariki mwaka 2001. Sasa sikilizeni hesabu ya sheria. Hakimiliki ya mtungaji wa wimbo katika Kenya hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hivyo utungo ule una mwenyewe, awe ni warithi wake au yeyote aliyepewa haki kwa maandishi, mpaka mwisho wa mwaka 2051. Lakini sauti iliyokwisha kurekodiwa, yaani ile santuri, ina haki yake mbali, nayo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ndiyo maana wimbo mmoja waweza kuwa na wenyewe watatu: aliyetunga, aliyeimba au kupiga ala, na aliyetoa fedha za kurekodi. Mtu akikwambia, "Huo ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe," mwulize anasema juu ya utungo au juu ya santuri.

Na "Malaika" je? Huo umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Harry Belafonte, umeimbwa na Boney M., na katika kila arusi ya pwani na bara. Fadhili William ndiye aliyejulikana kwa kuurekodi hapa Nairobi, lakini watu wengine nao, Adam Salim na Grant Charo, wametajwa kuwa ndio waliotunga. Fadhili naye alifariki mwaka 2001 na ubishi haukwisha. Sisi hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Tunalitaja kwa sababu kila mfanyakazi aliyewahi kufanya kibarua bila barua ya kazi atalielewa upesi. Kazi ikiwa haina karatasi, siku ya malipo wenye kazi huwa wengi.

Basi, zamani zile za santuri kunakili kulikuwa kugumu, maana santuri hutolewa kwa mashine kubwa kiwandani. Ikaja kaseti. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kukaa nyuma ya duka River Road akatoa nakala mchana kutwa. Kufikia miaka ya 1980 biashara ya wanamuziki wetu ilikuwa imeumizwa vibaya, na makampuni makubwa ya ng'ambo yaliyokuwa na ofisi Nairobi yakafunga mmoja baada ya mwingine. Wapiga magita waliokuwa wakiishi kwa studio wakarudi kutegemea baa. Baada ya kaseti zikaja sidii, na River Road hiyo hiyo ikazaa sinema zetu wenyewe, zile za vichekesho za Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine, watu wakaziita Riverwood. Hizo nazo zilitengenezwa kwa fedha kidogo, zikauzwa kwa bei ndogo, na mtu akazinakili akaziuza kwa bei ndogo zaidi.

Siku hizi hata sidii haina haja. Sinema yashuka kutoka mtandaoni usiku, asubuhi iko katika kompyuta ya duka la muvi, na jioni iko katika flashi ya mtu anayepanda gari kwenda Kangemi. Nakala ya elfu ni safi sawasawa na ya kwanza. Kaseti ilipochoka ilipiga kelele, na mtu akanunua nyingine. Faili haichoki.

Sasa sheria.

Kenya ilikuwa na Sheria yake ya Hakimiliki tangu mwaka 1966. Iliyopo sasa ni ile ya mwaka 2001, iliyoanza kazi mwaka 2003, nayo ndiyo iliyoleta Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Imetengenezwa upya mara kadhaa, na mabadiliko makubwa kwa habari ya mtandao yalikuwa mwaka 2019 na mwaka 2022. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 40, imeiagiza Serikali iunge mkono na kulinda mali ya akili ya watu wa Kenya, kama inavyolinda shamba na nyumba.

Tulisoma sheria hiyo, kamati nzima, jioni nne. Ina maneno magumu, lakini ukiichambua utaona imechora mstari mmoja ulio wazi kiasi. Upande mmoja wa mstari ni mtu na nyumba yake. Upande wa pili ni biashara, na kugawa kwa watu wengine.

Upande wa nyumbani sheria si kali kama watu wanavyotishana. Imeruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine kwa haki kwa matumizi yake mwenyewe, au kwa uchunguzi, au kuisifu na kuikosoa, au kutoa habari, mradi ataje alikoitoa. Tena kwa upande wa nyimbo zilizorekodiwa, sheria ya 2001 iliandika jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia. Ilisema kwamba mtu aweza kutoa nakala kwa ajili ya kusikiliza yeye mwenyewe bila kuomba ruhusa, na fidia ya mwenye wimbo itoke katika tozo juu ya mashine za kurekodia na kaseti tupu, tozo itakayolipwa na yule aliyezitengeneza au aliyeziingiza nchini. Mmesikia? Waliotunga sheria walijua ya kuwa huwezi kumweka askari katika kila chumba cha Kangemi kutazama nani anarekodi nini. Wakaona ni afadhali mwenye kuleta mashine kwa maelfu atoe senti zake bandarini. Sisi twaona hiyo ilikuwa fikira njema, maana mzigo uliwekwa juu ya mabega mapana.

Lakini asitoke mtu hapa akasema, "Kamati imesema kunakili ni halali." Hatukusema hivyo. Ukinunua wimbo ukautia katika simu yako na katika redio yako ya nyumbani, hayo ni ya kwako. Ukiutia katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, umekwisha kutoka nyumbani. Hao mia mbili si nyumba yako, hata kama kundi laitwa "Familia". Na sinema nzima iliyotiwa mtandaoni na mtu asiye na ruhusa haiwi halali kwa sababu wewe umeitazama peke yako kitandani. Kuna jambo jingine lililotushangaza, nalo ni zile programu za torenti. Wengi hudhani wanapokea tu. Kumbe zimeundwa hivi: wakati mashine yako inapokea vipande vya sinema, wakati huo huo inawapa wengine vile vipande ilivyokwisha kupata. Kwa hivyo huyo anayesema "mimi nilichukua tu" alikuwa akigawa usiku kucha naye amelala.

Upande wa biashara, maneno ni makali. Sheria imetaja makosa, na twaomba ndugu wa maduka mtege masikio hapa. Ni kosa kutengeneza nakala za wizi kwa ajili ya kuuza au kukodisha. Ni kosa kuziuza au kuziweka wazi ziuzwe. Ni kosa kuzigawa. Ni kosa kuwa nazo kwa namna isiyo ya matumizi yako ya nyumbani. Ni kosa kuziingiza nchini kwa biashara. Na ni kosa kuwa na chombo kilichokusudiwa kutengenezea nakala hizo. Kwa makosa yaliyo mazito katika hayo, kama kutengeneza, kugawa, na kuwa na chombo, sheria ya 2001 iliweka faini hadi shilingi 400,000, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili, na hayo ni kwa mara ya kwanza. Tena imesema kwamba mtu akikutwa na nakala mbili au zaidi za kazi moja kwa namna moja, atahesabiwa kuwa si za nyumbani mpaka yeye mwenyewe athibitishe vingine.

Shilingi 400,000! Piga hesabu ya mshahara wako utazame ni miezi mingapi.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Sheria hiyo yasema "mtu yeyote". Haisemi "mwenye duka". Kijana aliyeajiriwa kwa mshahara wa wiki, akawekwa mbele ya kompyuta yenye sinema elfu tatu ambazo hakuzitia yeye, naye ni mtu yeyote. Anaonekana akiuza. Anaonekana akiwa nazo. Chombo kiko mkononi mwake. Tajiri yuko nyumbani kwake anasoma gazeti.

Tunalo jambo la namna hiyo lililotufikia ofisini mwaka uliopita. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, alikuwa akifanya kazi katika duka la simu lisilo mbali na hapa. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kuuza vifuniko na chaja. Baada ya miezi miwili akaambiwa na mwenye duka awatilie wateja sinema na nyimbo katika flashi, na fedha za kazi hiyo aziandike katika daftari mbali. Siku walipokuja wakaguzi, daftari lilikuwa la mwandiko wake. Mwenye duka akasema hajui lolote, ya kuwa kijana alianzisha biashara yake mwenyewe kichinichini. Kijana akalala kituoni usiku mmoja, akapoteza kazi, na mshahara wa mwezi ule hakuuona. Shauri lake halikufika mbali mahakamani, lakini mpaka leo akiomba kazi dukani huulizwa habari hiyo.

Je, sheria haina mlango kwa mtu kama huyo? Unao, mwembamba. Yasema kwamba mshtakiwa aweza kuokoka akithibitisha alifanya kwa nia njema na hakuwa na sababu ya kudhani kuwa haki ya mtu inavunjwa. Sasa jiulize: utathibitisha vipi nia njema, ikiwa daftari la siri ni la mkono wako? Utathibitisha vipi, ikiwa hukumwuliza tajiri hata siku moja, "Leseni iko wapi?" Kwa hivyo uliza. Uliza kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na jibu ulihifadhi. Tajiri mwenye leseni hatakasirika kuonyesha leseni. Na biashara ya sinema hutaka zaidi ya ruhusa ya mwenye sinema, maana kuna sheria nyingine ya filamu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu nayo hutoa leseni zake kwa wauzaji na waonyeshaji. Ukiambiwa "leseni tunayo", tazama ni leseni gani. Leseni ya biashara ya kaunti peke yake haimruhusu mtu kuuza kazi ya mwingine.

Ndugu wa matatu, msidhani mmesahauliwa. Magari yanayopita barabara hii ya Waiyaki kwenda Kangemi, Uthiru na Kikuyu yana spika na skrini kuliko baa za zamani. Kupiga muziki mbele ya abiria ni kuupiga mbele ya watu, na sheria yamtaja yule "anayesababisha" upigwe. Leseni za kazi hiyo hutolewa na vyama vya kukusanya malipo ya wanamuziki vilivyopewa kibali na KECOBO. Sasa, ni nani anayesababisha? Ni dereva anayebonyeza? Ni makanga aliyeleta flashi? Au ni mwenye gari aliyetia spika za mamia ya maelfu ili gari lake lipendwe na vijana lijae upesi? Sisi hatuna shaka kwamba faida ya muziki ule inakwenda kwa mwenye gari, maana jioni anataka hesabu yake kamili, uwe muziki ulipigwa au haukupigwa. Basi leseni nayo iwe juu yake, kama bima. Dereva hachangi bima kutoka mshahara wake, na muziki asichange.

Na ndugu wa hoteli na baa za Westlands mko katika hali hiyo hiyo, ila ninyi mna afadhali kidogo, maana wakubwa wenu wengi wana mawakili na leseni huzibandika ukutani. Tazameni tu tarehe yake.

Wakija wakaguzi, fanyeni hivi. Mkaguzi wa hakimiliki sharti aonyeshe cheti chake cha kazi anapotaka kuingia. Omba kukiona, kwa adabu, na jina ulisome. Usikimbie na usifute kitu katika mashine, maana hilo litageuka kuwa kesi ya pili. Ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba chakupa haki ya kuambiwa mara moja sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, ila ikiwa saa hizo zimeangukia siku zisizo za mahakama. Usitie sahihi karatasi isemayo kwamba mali ni yako. Tumeona karatasi za namna hiyo zikiletwa na waajiri siku ya kwanza ya kazi, zimechanganywa na fomu nyingine.

Mtatuuliza: na wakubwa wa mtandao je? Sinema hizo hazipiti hewani kama ndege. Zapita katika nyaya na minara ya makampuni. Swali zuri, na mji wetu huu wa Westlands ndipo mahali pa kuuliza, kwa kuwa Safaricom ina jumba lake hapa Waiyaki Way, na Mamlaka ya Mawasiliano iko barabara hiyo hiyo. Mabadiliko ya mwaka 2019 yalisema hivi kwa ufupi: kampuni inayopitisha tu haina hatia kwa yale yapitayo, lakini mwenye haki akiipelekea taarifa kwa maandishi ya kuwa mahali fulani mtandaoni pana kazi yake iliyoibwa, basi kampuni itapaswa kufunga njia ya kufika hapo katika muda wa saa 48 za kazi. Mwaka huo huo jambo likajaribiwa. MultiChoice, wenye DStv, walilalamika kwamba mechi zao za mpira zaonyeshwa bure katika mitandao ya wizi, wakawataka Safaricom na Jamii Telecommunications wazifunge njia hizo. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua upande wa MultiChoice.

Tazameni tofauti. Kampuni hupewa taarifa kwanza, na saa 48, na mawakili. Kijana wa duka la simu hapewi taarifa.

Tena hao hao wa simu ni wauzaji wakubwa wa nyimbo. Ukimpigia mtu ukasikia wimbo badala ya mlio, ule ni wimbo uliouzwa, na watu wengi wa Kenya hununua muziki kwa njia hiyo bila hata kujiona wananunua. Kwa miaka mingi wanamuziki walilalamika kwamba wanachoonja ni makombo. Mwanamuziki JB Maina hata alikwenda mahakamani kuishtaki Safaricom juu ya nyimbo zake. Ndipo yakaja mabadiliko ya mwaka 2022, yakaweka mgawo ndani ya sheria yenyewe: katika kila shilingi 100 za wimbo wa simu, mwenye kazi apate si chini ya 52, kampuni ya simu 39 na senti 50, na yule wa katikati anayepanga huduma 8 na senti 50. Twawasifu wanamuziki kwa kulipigania hilo. Hata hivyo mwanachama mmoja wa kamati yetu, fundi wa umeme, aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu bila kucheka: mnara haukutunga wimbo, wala haukuimba; hizo karibu 40 ni za nini? Twaliacha swali lake mezani.

Na vile vyama vinavyokusanya fedha kwa niaba ya wanamuziki navyo havikosi mashauri. Chama cha MCSK, cha tangu mwaka 1983, kilinyimwa leseni na KECOBO mwaka 2017, na kazi ikapewa wengine, baadaye kikarudi, na ugomvi wa nani akusanye na fedha zimekwenda wapi umekuwa ukirudi kila mara. Sisi watu wa vyama twajua habari za namna hiyo. Mwanachama asiyehudhuria mkutano wala kuuliza hesabu hupata viongozi anaowapata. Lakini makosa ya mtunza fedha hayamfanyi mtu mwingine awe na haki ya kuchukua kazi bure. Baba mwenye nyumba akila fedha za maji, hatuendi kuvunja bomba la jirani.

Sasa neno juu ya umaskini, maana twajua ndilo lililo mioyoni. Mtu hupata mshahara wake, akatoa kodi ya chumba, nauli, karo, unga. Akibakiwa na kidogo, ataketi gizani bila hata sinema moja? Sisi hatusemi hivyo. Mfanyakazi ana haki ya kupumzika na kufurahi, na mishahara ingekuwa ya kutosha duka la muvi lisingekuwa na foleni Ijumaa jioni. Wenye sinema wakubwa wa ng'ambo nao walijua bei zao hazitufai; Netflix ya Marekani ilijaribu kuwapa watu wa Kenya sehemu ya sinema zake bure kwa simu tangu mwaka 2021, ikaacha mwishoni mwa 2023. Kwa muziki mambo ni rahisi zaidi. Zipo njia za halali ambazo msikilizaji halipi, kama Mdundo iliyoanzia hapa Nairobi, ambayo hukuruhusu kushusha nyimbo nawe ukavumilia matangazo, na mwanamuziki hupata fungu lake kutokana na matangazo hayo. Spotify nayo iliingia Kenya mwaka 2021, na ina njia ya bure yenye matangazo. Wanamuziki wengi hutia kazi zao wenyewe YouTube. Kusikiliza pale walipoiweka wenyewe hakuna lawama. Kwa hivyo kwa nyimbo hasa, kusema "sina fedha" si sababu kamili tena. Kwa sinema ina uzito zaidi, na hatutajifanya hatujui.

Tutajibu maswali matatu yaliyoletwa kwa maandishi, kisha tumalize.

Dada mmoja anayefanya kazi ya kusafisha ofisi auliza: mwanawe huwapelekea wenzake wa shule nyimbo kwa simu, je atafungwa? Dada, wakaguzi hawatafuti watoto wa shule. Lakini mfundishe ya kuwa akipenda wimbo awapelekee wenzake anwani ya pale mwanamuziki alipouweka, badala ya kuwapelekea wimbo wenyewe. Wenzake watausikia vile vile, na mwenyewe atahesabiwa wasikilizaji.

Ndugu wa ulinzi auliza juu ya zile sinema za kigeni ambazo mtu ametia maneno ya Kiswahili juu yake, za kuchekesha. Sisi nasi twazipenda. Lakini kutafsiri na kugeuza kazi ni haki ya mwenye kazi, sawa na kunakili. Ustadi wa mtia maneno ni wa kwake kweli, na alistahili kuajiriwa kwa ustadi huo. Sinema aliyosimama juu yake bado ni ya mwingine.

Ndugu wa tatu ni mpiga picha za video za arusi. Aeleza kwamba kazi zake huchukuliwa na kutiwa mtandaoni na majumba ya sherehe bila jina lake, na auliza kama sheria hii yamhusu yeye asiye na studio. Ndiyo, yakuhusu, na kwa nguvu. Hakimiliki haingoji uwe na studio, wala haingoji uandikishwe; huanza pale kazi inapokuwa imetengenezwa na kuwekwa katika namna inayoonekana. Hata hivyo andikisha KECOBO, maana cheti husaidia siku ya ubishi. Na ikiwa umeajiriwa kwa mshahara, soma barua yako ya kazi, kwa kuwa kazi uliyoitengeneza ukiwa mtumishi aghalabu huwa ya mwajiri, isipokuwa mmepatana vingine. Ndugu wengi wa magazeti na matangazo humu Westlands hawajui hilo mpaka siku wanapoacha kazi.

Kamati imeandika barua kwa waajiri wa maduka na wenye matatu tulio na mapatano nao, kuwataka waingize kifungu kimoja katika mapatano mapya: kwamba leseni zote za muziki na sinema mahali pa kazi ni gharama ya mwajiri, na kwamba mfanyakazi aliyeagizwa kupiga au kuuza kazi isiyo na leseni aweza kukataa bila kufukuzwa. Wawili wamejibu kwamba wako tayari kuzungumza. Mmoja amejibu kwamba hilo si jambo la chama.

Mwenye barua ya kazi yenye maneno juu ya mashine, flashi au mali ya dukani, ailete ofisini Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, tuisome pamoja. Aliyetia sahihi asichojua ndani yake aje vile vile, aje hata mapema zaidi.